Sauti ya Mwongozo

6 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, koo ndilo bado linajifikiria.

Albamu imekwisha. Inaitwa Waya Uchi, ina nyimbo tisa, na jalada lake ni picha ya soketi ya chumbani kwa Nyundo iliyong'oka ukutani. Kampuni hatuna, mdhamini hatuna, kwa hiyo kila kitu tumejifanyia wenyewe. Nyundo anapiga ngoma na ndiye meneja, mpiga besi ndiye dereva, na mpiga gitaa amechora maandishi ya jalada. Kwa bahati mbaya ameyachora vizuri, sasa hakuna anayepumua kwa majigambo yake. Bendi imebaki na jina lake lile lile, Kutu. Najua mama analichukia.

Sasa kuna jambo. Kama umesimama, kaa.

Unakumbuka siku ile nilipokwenda kliniki kuangaliwa koo, wewe ukapita studio kuniletea funguo, Nyundo akakung'ang'ania uimbe wimbo wa tatu, "Nipishe"? Ilikuwa sauti ya mwongozo tu. Nyundo hawezi kupiga ngoma bila kusikia mtu anaimba kwenye hedifoni. Anapotea kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Sauti ya namna hiyo hurekodiwa ili wapigaji waifuate, halafu mwimbaji mwenyewe anakuja kuimba sawasawa na ile ya mwanzo inafutwa. Ndivyo tulivyofanya. Koo lilipopona niliimba, na niliimba vizuri, mashahidi wapo.

Mashine ya fundi wa studio ina njia nane, kila sauti na njia yake. Yako ilikuwa ya nane, yangu ya saba. Siku ya mwisho tukataka kuongeza gitaa la pili. Fundi akalirekodi juu ya njia ya saba akidhani ndiyo ya mwongozo. Kwa hiyo aliyefutwa ni mimi. Tumegundua wakati kaseti zote zimeshanakiliwa na fundi ameshafunga virago na mashine yake kuhamia mji mwingine.

Basi, kwenye "Nipishe" anayeimba ni wewe. Jalada linasema ni mimi. Hakuna atakayejua: mimi naimba juu, wewe unaongea chini, tumekutana katikati. Tena tumefanana ajabu, nadhani ni damu. Nakuomba usimwambie mtu, hasa yule shangazi anayetangaza bila redio.

Ziara inaanza baada ya wiki mbili. Nakutumia kaseti moja.

Mdogo wako,
Ngurumo

*

15 Februari

Kifaranga,

Marahaba. Hilo la Ngurumo waambie wanaolipa kiingilio. Hapa nyumbani jina lako bado ni lile la siku zote.

Kaseti imefika. Nimeisikiliza karakanani wakati wa chakula, kwa redio ya mwenzangu anayesugua meno ya bandia. Unapajua pale: meza yenye madoa ya nta, taa ya gesi, unga wa plasta mpaka kwenye nyusi, na rafu nzima ya vinywa vya plasta vya wateja vilivyoachama vikingoja meno. Nimefanya kazi na vinywa hivyo miaka yote, jana ndiyo mara ya kwanza nikahisi vinasikiliza. Nyimbo zako nane ni nzuri. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Wa pili gitaa linakwaruza mpaka kikombe kilitembea mezani.

Wa tatu nilisikiliza kidogo nikazima. Hauwezi kuondolewa? Nauliza tu.

Mama naye amesikia. Nilidhani atalalamika kelele, lakini alikaa mpaka mwisho huku anakunja nguo. Alisema hizo ni nyimbo za watu waliokosana na jirani. Ulipofika wa tatu alinitazama, akacheka peke yake, akaendelea na mashuka.

Sitamwambia mtu. Kuimba kwenyewe kulikuwa kusaidia, huhitaji kunishukuru, na naona hukunishukuru.

Kula. Funika shingo.

Dada yako

*

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Nashukuru. Haya, nimeshukuru.

Tumefanya maonyesho matatu. La kwanza lilikuwa kwenye ukumbi wa chama cha mafundi magari, wakatupigia makofi kwa mikono yenye grisi. La pili ghala la saruji: besi ikipigwa, vumbi linapanda, mpaka mwisho watazamaji wote walikuwa weupe na mpiga gitaa anakohoa katikati ya solo yake, jambo ambalo lilimfaa. La tatu kantini ya kiwanda cha mabati. Watu wanakuja, dada. Kaseti imetutangulia kila mji, imenakiliwa na kunakiliwa mpaka nyingine zinasikika kama tumerekodi ndani ya pipa.

Wanachopigia kelele ni "Nipishe". Tunaanza tu kupanga nyaya, tayari wanaitaka. Tunaipiga, mwanzo wanaruka, halafu mimi nafungua kinywa. Wanatulia. Wanasimama pale kama watu waliochukua namba wakisubiri kuitwa dirishani. Wimbo unaofuata wanachangamka tena, kwa hiyo si mimi mzima wasiyemtaka, ni mimi wa wimbo ule. Kijana mmoja alinifuata baadaye akaniuliza, "Kaka, siku ya kurekodi ulikuwa na hasira gani?" Nikamwambia ni mambo ya kifamilia.

Nyundo amesema, "Imba kama kwenye kaseti." Amesema kwa upole, na Nyundo akiwa mpole ujue kuna jambo.

Kwa hiyo nimekuwa nikikusikiliza. Kabla ya kiitikio unavuta pumzi kwa sauti, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Neno "nipishe" unalivunja mwishoni halafu unaliokota. Na pale kwenye neno "barabara" unavuta mpaka linachakaa. Nafanya mazoezi bafuni kila nyumba ya wageni tunayolala, mpaka wenyewe wanagonga mlango kuuliza kama nimeanguka. Najua unapopitia lakini sikupati. Ulikuwa unafikiria nini? Unafanyaje? Nakuuliza kama mwanafunzi.

Ngurumo

*

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Ni mimi Nyundo. Utashangaa kupata barua yangu. Mama yangu mzazi mwenyewe hazipati.

Nitakwenda moja kwa moja. Siku ile studio ulipoimba, ulikuwa unamwigiza ndugu yako. Sisi tuliokuwepo tulijua toka mstari wa kwanza. Ulishika kiuno, ukainua kidevu, ukameza pumzi kama yeye, mpiga besi akavunjika mbavu, fundi akasimamisha mashine afute machozi. Mara ya pili ndiyo ukaimba mpaka mwisho. Tulicheka hata hapo, lakini kimya kimya, maana ilikuwa imeanza kututisha. Ngoma nilizopiga siku ile sijazipiga tena.

Yeye hakuwepo, na hatujamwambia. Fundi alipoharibu, tuliogopa, halafu tukaona wimbo umetoka mzuri kuliko zote, tukafunga midomo.

Sasa anakuigiza wewe. Anapanda jukwaani na kumeza ile pumzi ya kejeli kwa moyo wote. Anavunja neno pale pale ulipolivunja ili tucheke. Mimi nikiwa nyuma ya ngoma natazama viatu vyangu. Mpiga besi ameanza kupiga akiwa amewapa watu mgongo. Watazamaji hawajui kitu, wanaona tu mtu anajikamua.

Dada, ziara inapita huko nyumbani tarehe 30 Aprili, ukumbi wa zamani wa sinema. Tumezungumza sisi watatu. Tunataka uje uuimbe wewe, huo mmoja. Mpiga gitaa anasema kama ukikubali, kwa nini uwe mmoja. Tunafikiria kupiga kura. Nimeona nikuulize kwanza kabla hatujamvunja mtu moyo bure.

Nyundo

*

18 Machi

Nyundo,

Marahaba. Jibu ni hapana.

Mimi natengeneza meno ya bandia. Naletewa umbo la kinywa cha mtu, namrudishia mtu huyo meno yanayofanana na aliyokuwa nayo. Nikikosea kidogo, mke wake anasema siye. Kazi hiyo imenipa ugonjwa: kila mtu nikimtazama, naona namna ya kumnakili. Namwiga daktari tunayempelekea kazi, namwiga shangazi, wewe mwenyewe nakuiga unavyoomba sigara. Siku ile nilimwiga mdogo wangu kwa sababu hakuwepo na kwa sababu mlicheka. Ni hivyo tu. Mtu hafukuzwi mahali pake kwa utani wa dada yake.

Mama alijua mara moja. Siku ile ile aliposikia kaseti, alipomaliza kukunja mashuka alisema, "Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine, maana huyo analia upesi." Nimeshindwa. Tangu akiwa mdogo hana kitu kingine anachokijali kama kuimba. Shule aliipitia tu kama mtu anayevuka uwanja.

Kwa hiyo msimwage mtama. Msipige kura. Mkipiga, mimi simo.

Umesema ilianza kuwatisha. Nitakuambia jambo ambalo sitaki lifike mbali. Ile mara ya pili nilifurahi. Nilifurahi kiasi kwamba nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi za studio na zile funguo mkononi, nikasahau nilikuwa nazipeleka kwa nani. Lakini mtu akifurahi siku moja haimaanishi aache kazi.

Nisalimie wenzako.

Dada yake

*

18 Machi

Kifaranga,

Marahaba. Umeniuliza nafanyaje. Nimefikiria, nitakuambia.

Siri iko kwenye taya. Watu wengi huimba na taya la juu, wewe pia. Sisi kazini tunajua kwamba nguvu yote ya kinywa iko chini. Unatakiwa uliachie taya la chini mpaka uhisi limening'inia, halafu ulisukume mbele kidogo kabla ya kiitikio. Fanya mazoezi na kizibo cha chupa katikati ya meno ya mbele, asubuhi na jioni. Siku ile nilifanya hivyo bila kujua, mazoea ya kazi.

Pumzi usiishughulikie. Iache ije yenyewe. Na ile ya kuvunja neno mwishoni iache pia, haikupendezi.

Mama anasema ule maembe au chochote chenye maji, na usiimbe bafuni kwa watu.

Dada yako

*

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kuongea bado ni kazi.

Nilifanya ulivyosema. Kizibo asubuhi, kizibo jioni. Wenzangu waliniuliza kuna nini, nikawaambia ni mambo ya kitaalamu. Juzi tulipiga kwenye uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu, umati mkubwa kuliko wa maonyesho yote ya nyuma. Tukafika "Nipishe". Nikaliachia taya likaning'inia. Nikalisukuma mbele. Likatoka.

Limeteguka, dada. Mbele ya umma. Kinywa kiko wazi, hakifungi, natoa sauti moja tu kama mlango wa ghala. Nyundo akadhani nimeamua kurefusha, akaendelea. Watu wakachizika! Wakainua mikono, wakatoa sauti ile ile pamoja nami. Ni mara ya kwanza wimbo ule umepokelewa hivyo tangu tuanze. Baadaye muuguzi mmoja aliyekuwa amekuja na mchumba wake akapanda, akanitia vidole viwili kinywani, akalirudisha kwa mlio ambao kipaza sauti kiliusambaza uwanja mzima. Wakashangilia hata hilo.

Nimecheka nilipoweza kucheka. Sasa sicheki.

Kuna jambo linapikwa. Nikiingia chumbani wanabadilisha mazungumzo. Nimemsikia mpiga gitaa anasema "kura" na Nyundo anamwambia "shh". Wanataka mtu mwingine auimbe wimbo ule. Akiuimba huo, ataulizwa huu, na mwisho mimi nitakuwa nabeba spika. Najua bendi zinavyokwenda. Sina kitu kingine ninachokiweza, dada. Wewe una kazi ya mikono, mimi nina koo tu na sasa taya bovu.

Kama ni wewe wanayekutaka, niambie. Nataka nisikie kwako.

Ngurumo

*

5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa taya. Niliyokuandikia niliyatunga nikiwa mezani kwangu, hakuna mwimbaji wala daktari aliyewahi kuyasema. Nilitaka uache kuniiga, na nikakosa njia ya kistaarabu.

Ndiyo, ni mimi wanayemtaka. Nyundo aliniandikia. Nilimkatalia.

Sasa sikiliza, na usome mpaka mwisho kabla hujaichana. Siku ile studio nilikuwa nakuigiza wewe. Nilisimama unavyosimama, nikameza pumzi unavyomeza, nikavunja neno unavyovunja. Nilifanya kwa kejeli, ili wacheke, na walicheka. Kwa hiyo miezi hii yote unahangaika kunipata mimi, na mimi sikuwemo. Uliyemsikia kwenye kaseti ni wewe ukisemwa nyuma ya mgongo wako.

Lakini si wewe wa leo. Nimelifikiria hili nikichonga nta. Niliyemwiga ni kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akijifungia bafuni kwetu na ndoo kichwani ili sauti ivume. Jirani alikuwa akigonga ukuta. Uliimba vibaya na hukujali kitu. Halafu ukampata yule mwalimu wa sauti, akakunyoosha kama shati, na tangu hapo unaimba vizuri. Sisemi alikosea. Nasema watu wanaopiga kelele "Nipishe" wanamtaka yule wa ndoo, na mimi nilikuwa namkumbuka kuliko unavyomkumbuka wewe.

La mwisho ni gumu zaidi. Nilimwambia Nyundo hapana, nikatoa sababu nzuri. Sababu zilikuwa kweli, hapana yenyewe ilikuwa uongo. Nautaka ule wimbo. Tangu siku ile nauimba karakanani, kimya kimya, nikipanga meno ya watu. Naona aibu kukuambia hivyo wakati unaogopa kupoteza mahali pako, lakini umetaka usikie kwangu, basi umesikia kwangu.

Kata unavyotaka. Nitakubali.

Dada yako

*

16 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilimfika ndugu yako kabla hatujapanda jukwaani, kosa la mpiga besi aliyepita posta. Aliisoma amekaa juu ya sanduku la nyaya. Akaikunja. Akaenda kufua mashati yake yote matatu, akapanda jukwaani na moja limelowa.

"Nipishe" ilipofika alikataa kuimba. Alisimama tu na kipaza sauti mkononi, akiwatazama watu. Wakauimba wenyewe, wote, na pale kabla ya kiitikio wakameza pumzi, mia kadhaa kwa pamoja. Nilimwona uso, nikajua umemwambia yote. Nilidhani ataondoka.

Hajaondoka. Anakula, analala, anabeba vyombo vyake. Kwangu anasema "habari" na "kesho saa ngapi". Nimemwomba radhi, akasema, "Nimekusikia." Kama wewe unamjua zaidi, niambie hiyo inamaanisha nini.

Nyundo

*

22 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Nilikasirika. Sitajifanya kwamba nilielewa. Kejeli peke yake isingeniuma hivyo, umenitania tangu nazaliwa. Kilichoniuma ni kwamba wote walijua, na mimi kila jioni nilikuwa nawapandia jukwaani kuigiza ninavyoigizwa. Nikimfikiria mpiga besi anavyowageuzia watu mgongo, damu inanichemka hata sasa.

Nimeisikiliza kaseti tena baada ya barua yako. Mara ya kwanza nilisikia kejeli tupu, nikataka kuitupa nje ya gari. Baadaye nilicheka, maana ile ya "barabara" ni kweli, nilikuwa hivyo. Mara nyingine nikasikia kwamba huyo kijana hakuwa mbaya. Nimejaribu kumrudia. Harudi. Mwalimu alifanya kazi yake vizuri mno.

Ile sehemu uliyosema unautaka wimbo nimeisoma kuliko zote. Hujawahi kusema unataka kitu. Viatu vipya vilikuwa vyangu, chumba chenye dirisha kilikuwa changu, na wewe ulikuwa unasema huna haja.

Basi njoo tarehe 30. Kura imepigwa, niliitisha mwenyewe, na mimi nimekupigia. Nina sharti moja. Usiniigize. Ulinifanyia hivyo nikiwa sipo. Mbele yangu na mbele ya mama, hapana. Imba wewe, kwa sauti yako. Wakikupenda, wimbo ni wako, na kama watataka na mingine, tutaongea. Najua ninachokisema na sijalala vizuri kabla ya kukisema.

Mimi nitakaa nyuma ya spika.

Ngurumo

*

26 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nitakuja.

Sharti lako ni zito kuliko unavyodhani. Jana wenzangu walipotoka nilibaki nijaribu. Kila nikifungua kinywa unatoka wewe. Nikikufukuza wewe anatoka shangazi, nikimfukuza shangazi anatoka mtangazaji wa mpira. Mtu mwenye umri wangu! Nitaendelea kuwafukuza mpaka abaki mmoja.

Mama amesema atakuja na pamba za masikioni.

Dada yako

*

3 Mei

Mdogo wangu,

Mmeondoka alfajiri hata hatukuongea, na nyumbani kwenye sherehe ya kuwapokea kila mtu alikuwa anaongea isipokuwa sisi wawili. Kwa hiyo naandika, anwani nimeichukua kwenye orodha ya Nyundo ya miji iliyobaki.

Ukumbi ule wa sinema viti vyake bado vinajikunja vyenyewe. Nilipanda na nguo niliyotoka nayo kazini, mkono mmoja una unga wa plasta, maana nilichelewa kumaliza kazi ya daktari. Mlipoanza kupiga, nilihisi ngoma za Nyundo tumboni. Nikafungua kinywa nikaimba. Sikumeza pumzi, sikuvunja neno. Ilitoka sauti ya chini, nyembamba kuliko nilivyotegemea, na sijawahi kuisikia kwa mtu yeyote. Nikajua ndiyo hiyo.

Hawakuipenda. Uliwaona. Ubeti wa kwanza walivumilia, kiitikio wakatazamana. Halafu yule bwana wa mstari wa tatu akapaza sauti, "Mrudisheni kaka!" Ukumbi wote ukadakia, wanagonga viti, wanakutaka wewe, wewe waliyekuwa wakikununia ziara nzima. Watu hawa! Nilikutazama kule nyuma ya spika. Hukutabasamu, na nimekuwekea hilo moyoni. Ulitikisa kichwa kwamba nimalize. Nikamaliza ubeti wa pili wakiwa wananizomea, ndipo ukaja ukachukua kilichobaki, ukauimba wimbo kwa adabu yote uliyofundishwa na mwalimu, wakashangilia mpaka mama akaongeza pamba.

Kwa hiyo mahali pako hapajaguswa, na mimi nimefurahi. Naandika tena ili uamini: nimefurahi. Niliogopa sana nisije nikapendwa.

Jana nilirudi karakanani. Wenzangu walikuwa wameshasikia, wakaniacha nifanye kazi. Nilipanga meno ya juu ya mteja mmoja, nikayatoa, nikayapanga upya, hayakukaa sawa mpaka mchana. Nilidhani ni aibu. Niliingoja aibu siku nzima. Jioni nikanawa plasta, nikagundua kwamba kilichokuwa kinanisumbua ni furaha ile ile iliyonikalisha kwenye ngazi za studio siku ile, na funguo zako mkononi.

Walinizomea, mdogo wangu, na bado nataka kusimama pale tena. Si wimbo ule, huo ubaki wako au wa kaseti, sijali. Wowote. Hata wa mwisho, watu wakiwa wanatoka.

Mkirudi, mazoezi ni siku gani?

Dada yako